Sikushindwa na mlima: barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Tanga

Waheshimiwa viongozi mnaosimamia michezo, elimu na misitu katika Mkoa wa Tanga,

Shikamooni.

Mimi ni binti wa Muheza, na kazi niliyoipenda kuliko zote maishani ni kupanda baiskeli milimani. Mwaka huu nilikaa Afrika Kusini miezi mitatu, nikishindana karibu kila mwisho wa juma. Nimerudi bila medali. Nimerudi na jambo moja ambalo kila nikilala naliwaza, na nikaona nisiliweke moyoni kwa sababu linawezekana kabisa hapa kwetu, na wenye uwezo wa kulifanya ni ninyi.

Nianze na mbio za kwanza, nje kidogo ya mji wa Stellenbosch. Katika mbio za mzunguko, wapandaji hawajipangi wanavyotaka. Mwamuzi anaita majina kwa kufuata alama ambazo mtu amekusanya katika mashindano yaliyotangulia. Mimi sikuwa na alama hata moja, kwa hiyo nilisimama mstari wa nyuma kabisa, mbele yangu migongo mitupu. Filimbi ikalia, tukaondoka kwa kasi kama watu wanaokimbizwa, na baada ya mita mia tatu hivi njia ikabana ikawa ya baiskeli moja. Wa mbele wamekwenda, sisi wa nyuma tumepanga foleni, mguu mmoja chini, tunasubiri kupita.

Mlima ulipoanza nikafurahi. Mnaujua mlima wa Mombo hadi Lushoto. Karibu mita elfu moja za kupanda, kona juu ya kona, Soni iko katikati. Mlima ule nimeupanda mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Miguu yangu imetengenezwa pale, na imetengenezwa kwenye barabara ya kutoka Sigi kwenda Amani. Basi nikapita mmoja, nikapita wa pili, hadi tunafika juu nimeshapita saba.

Kisha ukaja mteremko. Mawe makubwa kama vinu, yamekaa bila mpango, na katikati yake mizizi iliyolowa. Njia inashuka ghafla kama ngazi za nyumba, chini inapinda kushoto. Nilibana breki zote mbili, nikasimama, nikashuka, nikaibeba baiskeli begani. Wale saba wakanipita wote, mmoja mmoja, wakiwa wamesimama juu ya pedali kana kwamba wako kwenye lami. Wakaja na wengine. Mzunguko wa pili, vivyo hivyo: napanda nawapata, nashuka wananiacha. Kuna kanuni katika mbio hizi, kwamba ukiachwa nyuma ya kiongozi kwa asilimia 80 ya muda aliotumia kwenye mzunguko wake wa kwanza, unatolewa, ili asije akakukuta njiani. Kama yeye alizunguka kwa dakika 15, ukiachwa dakika 12 safari yako imekwisha. Yangu iliisha mzunguko wa tatu. Mwamuzi alininyoshea mkono, akanionyesha njia ya pembeni. Nilikaa chini ya mti na kofia yangu kichwani, nikalia.

Waheshimiwa, machozi yalipokauka nilijiuliza swali ambalo ndilo limeniandikisha barua hii. Nimeshindwa na nini? Si pumzi, kwa maana pumzi ninayo. Si mlima. Nimeshindwa na mteremko. Nami natoka kwenye milima ya Usambara! Iweje mtoto wa milimani asijue kushuka?

Jibu nililipata baada ya siku kadhaa. Sisi milima tunayo, lakini njia ya kujifunzia hatuna. Tunapanda kwenye barabara ile ile wanayotumia magari ya magogo na bodaboda, na tunashukia hapo hapo. Mwenye akili timamu akishuka kutoka Amani, huku anajua kwamba kona inayofuata huenda ikamletea Fuso, anafanya nini? Anabana breki. Miaka yangu yote ya mazoezi nimejifunza kubana breki. Kushuka kwenye mawe ni ufundi kama ulivyo ufundi wa kuogelea, na hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kutembea ufukweni.

Aliyenifundisha alikuwa mtoto. Siku ya mazoezi nilirudi kwenye yale mawe peke yangu, nikasimama juu yake nikiyatazama. Akaja msichana wa miaka 13 au 14, baiskeli yake imepauka rangi, akaniangalia kidogo, akaniambia: dada, unaliangalia jiwe, na ukiliangalia jiwe utalifuata, angalia pale unapotaka kutokea. Akashuka mara tatu mbele yangu, polepole, ili nione. Visigino anavishusha. Makalio anayarudisha nyuma ya kiti. Kidole kimoja tu kwenye kila breki, vingine vinne vimeshika usukani. Macho hayako kwenye gurudumu hata kidogo, yako kwenye kona ya chini. Mara ya nne nikamfuata, na nikapita. Nilipofika chini mikono ilikuwa inatetemeka, naye alishaanza kupanda tena kwenda kurudia, kwa sababu kwake ile ilikuwa michezo ya jioni baada ya shule.

Nikauliza, mtoto huyu amejulia wapi? Nikaambiwa kule shule zina ligi ya baiskeli za milimani, kama sisi tulivyo na mpira wa miguu na netiboli katika UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule zetu za msingi na sekondari. Na njia zao zimepangwa kwa rangi: kijani kwa anayeanza, buluu kwa aliyezoea, nyekundu kwa anayejua, nyeusi kwa mahodari. Mtoto anaanza kijani. Hakuna anayemsukuma kwenye mawe siku ya kwanza. Kila njia ina kibao, na kila kibao kina namba, ili mtu akianguka aseme yuko wapi afuatwe.

Mtaniambia kwamba Afrika Kusini ni nchi yenye fedha. Kweli, na mengi niliyoyaona kule yametokana na fedha. Lakini nendeni Kayamandi, mtaa wa watu wa kipato kidogo ulio kando ya Stellenbosch, wenye vibanda vya mabati vilivyobanana. Pale kuna uwanja wa vilima vya udongo vya kuchezea baiskeli, uliotokana na urafiki wa kijana wa mtaani, Songo Fipaza, na Christoph Sauser, Mswisi aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2008. Udongo umerundikwa, umeshindiliwa, umepewa mawimbi na kona. Watoto wanapeana zamu. Niliukanyaga udongo ule kwa mguu wangu, nikaushika. Ni udongo kama wa Muheza, mwekundu kidogo. Kinachohitajika ni jembe, toroli, maji, na mtu wa kuamua.

Au tazameni Ufaransa. Mashindano ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, mbio za milimani zilifanyika kwenye kilima cha Élancourt. Kilima hicho kina mita 231 tu kutoka usawa wa bahari, nacho ndicho mahali pa juu kuliko pote katika mkoa wa Paris. Zamani kilikuwa machimbo ya mawe, kisha kikawa mahali pa kutupia taka. Hawakuwa na mlima, wakajenga njia juu ya jalala, mawe wakayapanga. Kwenye njia hiyo ndipo Alan Hatherly, Mwafrika wa Afrika Kusini, alipochukua shaba ya Olimpiki. Sisi Mungu ametupa Lushoto iliyo karibu mita 1,400. Ametupa Amani, Magamba, Mtae. Mizizi iko, mawe yako, ukungu upo. Kinachokosekana ni kibali cha kilomita tano.

Ndiyo, kilomita tano. Siombi uwanja wa kisasa. Njia ya mbio za mzunguko huwa kama kilomita nne hadi sita, watu wanaizunguka mara kadhaa. Kilomita tano za njia ya upana wa mita moja zinatosha kumtoa mtoto wa Tanga akaenda kushindana popote bila kubeba baiskeli begani.

Najua hofu ya wanaosimamia misitu, na ni hofu ya haki. Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ina hekta zaidi ya 8,000, na ndani yake kuna mimea na viumbe ambavyo dunia nzima haina kwingine. Lile ua dogo la zambarau ambalo wazungu wanalifuga madirishani asili yake ni miamba ya kwetu. Mimi mwenyewe ningekuwa wa kwanza kulalamika mtu akipitisha njia mpya katikati ya msitu ule. Ninachokiomba ni pembeni: vijia vya zamani vinavyokwenda kati ya vijiji, mipaka ya mashamba ya chai kuelekea Kwamkoro na Monga, au upande wa Lushoto kwenye mashamba ya miti ya kupandwa. Njia nyingi zipo tayari. Kinamama wanapita na kuni, watoto wanapita kwenda shule. Zinahitaji kutunzwa.

Na hapa niwaeleze nilichojifunza kwa mikono yangu, kwa sababu Jumamosi nne nilijiunga na wanaokarabati njia kule. Nilidhani baiskeli ndizo zinazoharibu njia. Mzee mmoja mwenye reki alinionyesha tofauti. Adui wa njia ni maji. Ukiichora njia ishuke moja kwa moja na mlima, mvua ya kwanza inaifanya mfereji, na mwaka wa pili ni korongo. Inatakiwa ikatize mlima, iinamie kidogo upande wa bonde ili maji yavuke yaende zake, na kila baada ya hatua kadhaa kuwe na kituta kidogo cha kuyatoa maji nje kabla hayajapata nguvu. Mvua kubwa ikinyesha njia inafungwa hadi ikauke, kwa sababu tairi moja kwenye tope linachora mstari, na maji yanaufuata mstari ule. Hatari ya moto ikizidi, inafungwa pia. Nilipokuwa nikimsikiliza nilimkumbuka babu yangu mzaa mama, mkulima wa Lushoto. Makingamaji, matuta ya fanya juu, mfereji unaozunguka badala ya kushuka: ni elimu ile ile! Waheshimiwa, wataalamu wa njia hizi hamna haja ya kuwatafuta mbali. Wako mashambani wanalima kabichi na viazi kwenye miteremko, wanajua maji yanakopenda kwenda.

Gharama ya kutunza njia inatoka kwa wapandaji wenyewe. Kule katika bonde la Jonkershoek mtu ananunua kibali cha siku ndipo apande. Wageni wanakuja Lushoto kutembea milimani tangu mimi sijazaliwa, wanalipa waongozaji, wanalala, wanakula. Wakiikuta njia ya baiskeli yenye vibao watalipa pia, na kijana wa Magamba atapata kazi ya kukodisha baiskeli, na mwingine ya kuitengeneza.

Hilo la kutengeneza linaniuma kwa namna yake. Kabla ya kuondoka, fundi wangu wa Ngamiani, ambaye namheshimu sana, alinijazia upepo kama alivyozoea, hadi tairi ukilipiga kwa kidole linalia kama ngoma. Tunaamini tairi gumu ndilo linalokwenda. Kule fundi wa timu nyingine alilibonyeza tairi langu kwa dole gumba, akaniangalia, akafungua vali, psssss, akaendelea kuachia hadi nikataka kumshika mkono. Akaacha upepo mdogo sana kuliko niliouzoea. Nilipopanda nikaelewa. Tairi gumu linaruka juu ya jiwe na kukutupa; tairi laini linalikumbatia jiwe na kulishika. Matairi yao hayana tyubu, ndani yanatiwa maji mazito ya kuziba, mwiba ukiingia yanajiziba yenyewe. Mafundi wetu ni wepesi kuliko wengi niliowaona. Mtu anayepiga kiraka cha pancha kwa dakika tano pembeni ya barabara hashindwi na elimu hii. Hawajafundishwa tu. Breki za mafuta zilinizingua Muheza kwa mwezi mzima, hakuna aliyejua namna ya kuzitoa hewa, wakati ni kazi ya nusu saa yenye bomba la sindano na mpira mwembamba. Vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha pikipiki na magari. Katika mkoa ambao baiskeli zimejaa mijini na vijijini, naomba baiskeli nayo iingizwe, hata kwa kozi ya wiki mbili.

Na thamani ya fundi ilionekana na dunia nzima pale pale Élancourt. Tom Pidcock wa Uingereza, akiwa anawania dhahabu, tairi la mbele likaisha upepo. Akajikongoja hadi eneo la ufundi, wakambadilishia gurudumu, akarudi njiani akiwa ameachwa, na bado akashinda.

Kuna jambo nitalipitia haraka, kwa kuwa halinipendezi kulisema. Barua moja ya utambulisho niliyoihitaji kabla ya safari ilikaa kwenye ofisi moja wiki tano. Kila nikienda naambiwa mhusika hayupo, njoo kesho. Nauli ya kutoka Muheza ilikuwa inalipwa na mama yangu. Ilipotoka nilikuwa nimeshakosa mbio mbili za mwanzo, na katika mchezo ambao mtu anapangwa kwa alama, mbio mbili ni mistari kadhaa ya kuanzia. Siwataji waliohusika. Naomba tu atakayenifuata asifanyiwe hivyo.

Sisi watu wa Tanga tuna msemo tuliouzoea, waja leo waondoka leo. Naogopa usije ukawa msemo wa michezo yetu. Yanakuja mashindano, fulana zinagawiwa, mgeni rasmi anapiga picha na mshindi, jioni turubai linakunjwa, na kesho yake hakuna kilichobaki kwa mtoto aliyesimama pembeni akitazama. Mkinipa nichague kati ya mashindano makubwa mara moja kwa mwaka na mbio ndogo za watoto kila mwezi, zenye zawadi ya daftari na soda, nachagua daftari na soda. Watoto ishirini wa Muheza na ishirini wa Lushoto wakizunguka kilomita mbili za njia ya kijani kila mwezi, baada ya miaka mitano nani atawafuata kuwapita kwenye mteremko?

Rwanda haikuanzia juu. Adrien Niyonshuti alikwenda Olimpiki ya London mwaka 2012 kwenye mbio hizi hizi za milimani, akabeba bendera ya nchi yake, akamaliza katika nafasi ya 39. Mtu angeweza kusema, ya 39 ni nini? Wao hawakusema hivyo. Waliendelea, na Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika.

Nawaombeni kwa namna ya pekee muwaangalie wasichana. Tanga mjini mwanamke kupanda baiskeli si jambo la kumshangaza mtu. Mama yangu mdogo alikuwa akienda soko la Mgandini na baiskeli yake, kanga imefungwa vizuri isinaswe na cheni, kapu kwenye keria, na alipita barabarani akiamkiwa kwa heshima zake. Wasichana wanaendesha hadi darasa la saba. Kisha wanaacha. Si kwamba hawapendi. Hakuna pa kwenda na baiskeli hiyo zaidi ya dukani na kisimani. Mimi niliendelea kwa kuwa shangazi alinikingia kifua. Wenzangu wanne tuliokuwa tukishindana hadi mapango ya Amboni na kurudi, wawili wao wakinipita kila siku, leo hawana baiskeli.

Nimeyatembea maeneo mawili kwa miguu tangu nirudi, moja upande wa Amani na jingine Lushoto, nimepima kwa simu na kuchora kwenye daftari. La upande wa Amani lina kilomita nne na nusu, linapita kando ya chai, linavuka kijito mara moja penye mawe mazuri ya kujifunzia, na halihitaji kukatwa mti hata mmoja. Wazee wa kijiji nimeshawasalimia na kuwaeleza. Wameniambia nilete barua kutoka kwenu ndipo tuzungumze zaidi. Vijana sita wameahidi majembe na Jumamosi zao.

Kila Jumamosi saa moja asubuhi nakuwa pale getini Sigi. Naomba mmoja wenu, au mtumishi mtakayemtuma, aje na viatu vya kutembelea tuipite njia hiyo pamoja. Ni mwendo wa saa mbili tukienda taratibu, na maji ya kunywa nitabeba mimi.

Wenu katika utii,

Mpanda baiskeli wa milimani,
Muheza, Tanga